Tangi Halirukiruki

Mafundi wa vyuma wa Dar es Salaam wana jibu moja kwa maswali yote. Uliza kama bolti hii inatosha: itabeba tu. Uliza kama mshono huu umeshika: itabeba tu. Uliza kama bomba hili si jembamba mno: mzee, itabeba, wewe nenda nyumbani kapumzike. Mimi sikuenda nyumbani kupumzika, na ndiyo maana mpaka leo pale karakana wananiita Mzee wa Vipimo. Hawalitaji jina hilo kwa heshima.

Yote ni kwa sababu nina mpwa. Mtoto wa dada yangu huyu alisoma vizuri, akafaulu vizuri, na wakati sisi wazee tunagombana kama awe mhasibu au mwanasheria, yeye akaenda kujifunza sarakasi. Na si ile sarakasi tuliyoizoea. Vijana wa Kitanzania walipelekwa China miaka ya 1960 kujifunza kazi hiyo, wakarudi na piramidi za watu, viti vilivyopandana na kuruka ndani ya pete, na tangu hapo sherehe nyingi za kitaifa hazikukosa vijana wa kusimama mabegani mwa wenzao. Sarakasi ile naiheshimu sana. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kifaa chake kikuu ni binadamu mwenzako. Hakuna mjomba anayetumwa karakana kwenda kuchomelewa binadamu.

Ya mpwa wangu ni ya angani. Kitambaa kirefu cha nailoni kinafungwa juu katikati yake, mikia miwili inaning'inia hadi chini. Anakipanda kwa mikono na miguu, akifika juu anajiviringishia kiunoni na mapajani kwa mafundo anayoyajua mwenyewe, halafu anajiachia. Anaporomoka kichwa chini, miguu juu, na kitambaa kinamdaka akiwa karibu na ardhi. Watu wanapiga makofi. Mimi sijawahi kuona sehemu ya mwisho, kwa kuwa nikifika hapo huwa nimeshafumba macho.

Sasa kitambaa lazima kifungwe mahali. Nyumbani kwa dada dari ni la jipsamu, na juu yake kuna kenchi za mbao ambazo mchwa walizikagua kabla yetu. Uani kuna mwembe mnene, lakini mwembe mkongwe una tabia ya kuoza ndani huku nje umenawiri, na tawi lake halitoi taarifa kabla ya kukatika. Basi dada yangu akaita kikao. Kikao chenyewe kilikuwa mimi na yeye. Akasema, "Kaka, wewe ndiye mjomba, tena ndiye uliyesoma hesabu. Mtafutie mwanao nguzo ya chuma." Ukitajwa ujomba na elimu katika sentensi moja, ujue mfuko wako umeshaguswa.

Nguzo anazotumia mtu wa namna hii, zile za kusimama zenyewe bila kuegemea jengo, si kitu cha ajabu. Mpwa wangu alinionyesha picha: mabomba matatu marefu yamekutana kileleni, miguu imetanuka chini, na pale yanapokutana pana pete ya kuning'iniza kitambaa. Nikachukua karatasi. Mabomba yetu madukani huja kwa urefu wa mita 6. Ukiusogeza kila unyayo mita 2 kutoka katikati, kilele kinakuwa mita 5 na nusu na kidogo juu ya ardhi. Urefu mzuri. Nikajiona mhandisi kamili, nikapanda daladala kwenda kwa fundi.

Fundi wangu ana karakana maeneo ya Buguruni, chini ya bati nne na mwarobaini mmoja. Ni fundi hodari, nasema kabla sijaanza kumsengenya. Akaitazama ile picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni stendi ya tangi, mzee."

"Si ya tangi, fundi. Ni ya mtu."

"Mtu anakaa juu?"

"Mtu ananing'inia."

Akanyamaza. Saidia fundi wake akaacha kugongagonga. Nikaona lazima niseme haraka kwamba ni mchezo, ni sarakasi, binti anacheza, kabla hawajaniitia mjumbe.

"Ana kilo ngapi huyo binti?"

"Hamsini na tano."

Fundi akacheka kwa raha. "Mzee, mimi nimechomelea stendi ya tangi la lita 5,000. Maji peke yake tani tano. Ipo pale Tabata mpaka leo, nenda kaiangalie. Kilo hamsini na tano unanisumbulia nini? Hii nakutengenezea kwa bomba la uchumba."

Bomba la uchumba, nilikuja kujua, ni bomba jembamba kuliko yote dukani. Linapendeza, linang'aa, na halijapewa jukumu lolote maishani.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na haujaisha hadi leo. Tangi likishajaa limejaa. Linakaa. Halina mori. Usiku halipandi juu ya stendi likajirusha. Binti wa kilo 55 akiporomoka mita 2, kisha kitambaa kikamsimamisha ndani ya nusu mita, kile kilele hakivutwi na kilo 55. Nguvu yake, kwa wastani tu, ni mara tano ya uzito wake, yaani kama kilo 275, na pale inapofika juu kabisa inazidi hapo. Ndiyo maana wanaofunga vifaa vya namna hii hupenda kila kiungo kiwe na uwezo mara kumi ya uzito wa mchezaji. Nikamweleza fundi yote haya kwa chaki juu ya sahani ya chuma. Akasikiliza kwa adabu. Akasema, "Sawa mzee. Lakini tangi lina tani tano."

Nikachukua nyundo yake, nikailaza juu ya kiatu chake. "Inauma?" Haiumi. Nikainyanyua usawa wa kiuno. "Je, nikiiachia?" Akavuta mguu upesi. Mwili wake ulishaelewa. Kichwa ndicho kilikuwa bado kipo Tabata.

Tukakubaliana bomba la inchi tatu, lenye ukuta mnene. Alinung'unika kuhusu bei, ambayo nalipa mimi. Nikamwambia kwamba bomba jembamba na refu likibanwa kutoka juu halingoji kuvunjika, linajipinda kwanza pembeni, ghafla, bila kutoa salamu. Na kwamba Leonhard Euler, Mswisi wa karne ya 18, alilikokotoa jambo hilo akakuta ukiongeza urefu wa nguzo maradufu, uwezo wake wa kuhimili mkandamizo unabaki robo. Fundi akauliza kama huyo Mswisi alikuwa anachomelea. Nikasema hapana. "Basi," akasema, na mada ikafungwa.

Nikatoa hela ya vifaa. Wasomaji wenye uzoefu hapa wameshaguna. Hela ya vifaa ukiiweka mkononi mwa fundi inaingia kwenye mto mmoja mkubwa unaopita karakana zote za mji, na haiwezekani kujua tone lako limekwenda wapi. Hela yangu ilikuwa geti la mtu. Hela ya mwenye geti ilishakuwa dirisha la mwingine. Mwenye dirisha, nadhani, alikuwa analipia harusi. Mabomba yangu yalipokuja hatimaye, nikachukua futi kamba nikayapima, kwa sababu ndiyo tabia iliyonipa lile jina. Mawili yalikuwa na mita 6. La tatu lilikuwa pungufu kwa futi moja na nusu, na pembeni palikuwa na geti jipya lenye kizingiti kizuri cha bomba la inchi tatu.

"Fundi, hili limekuwaje?"

"Chuma husinyaa, mzee. Baridi ya usiku."

Ni kweli chuma husinyaa. Siwezi kumnyima hilo. Bomba la mita 6 likipoa kwa nyuzi 10 hupungua chini ya milimita moja. Ili lipungue futi moja na nusu, Buguruni ingebidi ipoe kwa nyuzi zaidi ya elfu sita kwa usiku mmoja, na ulimwengu wote, pamoja na nyota zake, hauwezi kushuka chini ya nyuzi 273 chini ya sifuri. Nilimweleza. Akasema hali ya hewa siku hizi imebadilika sana. Bomba jingine likanunuliwa, na safari hii nililifuata mwenyewe dukani, nikarudi nimekaa nyuma ya kirikuu nimelikumbatia, kitambaa chekundu kinapepea kwenye ncha, bodaboda wananipigia honi kama bwana harusi.

Lilikuwa bomba la mabati, lile lililopakwa zinki lisishike kutu. Zinki ni rafiki wa chuma na adui wa pafu. Huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea unafika mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo inageuka moshi mweupe, na anayeuvuta usiku wake hutetemeka kwa homa akadhani ni malaria. Dawa ni kuikwangua zinki kwa grinda kabla ya kuchomelea, na kukaa penye upepo. Dawa ya pale karakana ni maziwa. Fundi alinituma nikanunue pakiti mbili, moja yake, moja ya kijana wake. Nikasema maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kifuani, na hizo ni njia mbili tofauti tangu kuumbwa kwa Adamu. Wakanywa. Nikaomba wakwangue zinki pia. Wakakwangua, kwa uso wa watu wanaomridhisha mgonjwa.

Miwani ya kuchomelea ipo. Nimeiona. Imetundikwa msumarini juu ya picha ya timu ya mpira, safi, haijawahi kufanya kazi. Kijana anachomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya mtumba yenye lenzi moja iliyopasuka, na fundi mwenyewe anafumba jicho anapogusisha, kisha anachomelea kwa kumbukumbu. Ule mwanga una mionzi ya urujuanimno inayounguza jicho lenyewe. Usiku mtu anahisi kamwagiwa mchanga machoni. Wote wanalijua hilo, wote wameshaugua, na wote wana shangazi anayejua dawa ya viazi mbichi.

Nilisema ni fundi hodari, sasa nitoe ushahidi. Mabomba matatu ya mviringo kukutana kileleni kwenye kichwa kimoja si mchezo. Bomba la mviringo likikutana na bomba la mviringo kwa mshazari, mkato wake si mstari ulionyooka, unapinda kama mdomo unaotaka kung'ata. Wahandisi wana programu za kompyuta za kuchora mkato huo. Fundi wangu alichukua gazeti la juzi, akalizungushia bomba, akalikunja, akalikata kwa wembe, akalifungua, akachora kwa chokaa, akakata kwa grinda. Likakaa. Sikuweza kupitisha hata wembe ule ule kati ya bomba na bomba. Nilitaka kumsifu, lakini akaniwahi: "Umeona? Bila Mswisi."

Mishono ndiyo ilinirudisha kwenye ubaya wangu. Vijiti vya kuchomelea vina namba, na namba zina maana. Kile cha 6013 kinachotumika kila karakana, 60 yake ni uwezo wa chuma kilichoyeyuka kuvumilia mvuto, pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Ni kijiti kizuri, kisicho na maringo. Lakini pakiti ya fundi ilikuwa wazi tangu masika, imelala sakafuni, na unyevu kwenye gamba la kijiti hutoa mshono wenye vitundu. Ukigonga mavi ya chuma yakatoka, unaona chini yake vishimo vidogo vidogo, na kila kishimo ni mahali pa ufa kuanzia. Nikavihesabu kwa sauti. Fundi akasema vile ni vya kupumulia.

Na hapo zikaja mbio za rangi. Msomaji, elewa kwamba rangi kwa fundi wa vyuma si pambo, ni wakili wa utetezi. Mshono ukishapakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, hauna tena kesi. Nilikuwa nikigeuka kununua maji, nikirudi nakuta mguu mmoja umeshavaa nguo. Nilizoea kukaa juu ya kopo la rangi. Nilikalia kopo hilo mchana kutwa nikisoma gazeti lisilokatwa, mama ntilie akiniletea chai pale pale, mpaka vishimo vyote vikasagwa na kuchomelewa upya kwa pakiti mpya, niliyoinunua mimi, tena kavu.

Wakati huo mtaa ulikuwa umeshajua. Kitu kikivuka urefu wa paa hakiwezi kuwa siri. Mzee wa duka la jirani alikuja akiwa na kanzu na hesabu kichwani: "Ni mnara wa simu? Wanakulipa kodi ya kiwanja kiasi gani kwa mwezi?" Nikamwambia si mnara. Akaondoka akiamini nimemficha mkataba. Mwingine alisema ni ya kengele ya kanisa. Fundi mwenyewe kwenye daftari lake aliandika "BEMBEA KUBWA 1, MZEE MSUMBUFU". Mpwa wangu alipokuja siku moja na kitambaa chake cha zambarau begani, kijana wa karakana akamwuliza kwa heshima, "Dada, hilo pazia ndilo linakaa juu?" Na mpwa, ambaye hajalelewa kununa, akasema ndiyo, ni pazia, isipokuwa yeye ndiye dirisha.

Siku hiyo hiyo nilijaribu kuwapa historia, nikidhani itawatia hofu yenye manufaa. Nikawasimulia juu ya Jules Léotard, Mfaransa aliyeanzisha mchezo wa kuruka kutoka bembea hadi bembea juu hewani, akauonyesha Paris mwaka 1859. Baba yake alikuwa na ukumbi wa mazoezi Toulouse, na kijana alijifunzia juu ya bwawa la kuogelea, ili akikosea aangukie maji. "Mnaona?" nikasema. "Mtu mzima na akili zake alitaka maji chini." Fundi akauliza Léotard alikufaje. Nikajibu kwamba aliugua, akafariki mwaka 1870, akiwa kijana bado.

"Aliugua?"

"Aliugua."

"Kwa hiyo hakuanguka." Akawageukia wenzake. "Hakuanguka!" Karakana nzima ikashangilia kana kwamba nimeleta cheti.

Nikasema basi tupime. Si kwa maneno, kwa mzigo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na jirani anayejenga alituazima kumi, akitukumbusha kila baada ya dakika kwamba saruji haipendi kutingishwa. Tukaining'iniza yote. Kilo 500 zikatulia kileleni, miguu mitatu imesimama, hakuna kilichopinda. Fundi akakunja mikono kifuani. Kwa kweli ilipendeza, na ningekuwa mtu wa amani ningeishia hapo.

"Sasa gunia la mchanga," nikasema. "Kilo hamsini tu. Lipandishwe mita mbili, liachiwe."

"Hamsini? Baada ya mia tano?"

"Hamsini."

Akalipandisha mwenyewe, kwa dharau, akaliachia. Gunia likaporomoka, kamba ikakaza kwa kishindo, na mnara wote ukapiga hatua. Narudia: ukapiga hatua. Mguu wa upande wa barabara uliteleza nje karibu shubiri nzima, kilele kikayumba, mama ntilie akakimbia na sufuria lake, mwenye saruji akakumbatia saruji. Hakuna kilichovunjika. Mishono ilishika yote, na hilo nalisema kwa haki. Lakini miguu ilikuwa imelala juu ya sakafu laini bila kufungwa, na miguu iliyotanuka ikikandamizwa kutoka juu hutafuta kutanuka zaidi. Mvuto wa kilo 300 kileleni, kwa mnara wa vipimo vyetu, unausukuma kila unyayo kwenda nje kwa nguvu ya kilo 35 hivi. Nilikuwa nimeliandika hilo kwa chaki tangu siku ya kwanza, kwenye ile sahani ya chuma, ambayo kwa wakati huo ilishakuwa sehemu ya geti.

Fundi alizunguka mnara bila kusema. Akainama, akaangalia alama ya mchubuko sakafuni, akaipima kwa vidole. Akasimama.

"Mzee," akasema, "hiki kitu kinavuta."

Sikutaka zaidi ya hapo. Mpaka jioni alikuwa amechomelea sahani pana chini ya kila mguu, zenye matundu ya kupigilia vigingi ardhini, na mnyororo unaounganisha nyayo zote tatu kwa pembetatu. Wazo la mnyororo lilikuwa lake mwenyewe. Kileleni tukatoa ile kulabu ya winchi aliyokuwa ameifunga, wazi mdomo, tukaweka pete ya wapanda milima, karabina, yenye kufungwa kwa skrubu na uwezo wake umegongwa ubavuni. Gunia likaangushwa tena na tena. Mnara ukalalamika, ukakaa. Mpwa akapanda, akajiviringisha, akajiachia juu ya magodoro yote ya nyumba ya dada yangu, na wanasema ilikuwa nzuri sana.

Mnara uko uani sasa. Kabla ya kila mazoezi bolti zinakazwa, mishono inapitiwa kwa tochi, kitambaa kinakaguliwa kama kimechanika. Siku ambazo mpwa hafanyi mazoezi, dada yangu anaanika nguo kwenye mnyororo na hataki kusikia chochote. Fundi amebadilisha kibao chake barabarani: milango, madirisha, mageti, stendi za tangi, sarakasi. Ameshapata mteja wa pili, na nasikia anamweleza habari za gunia la mchanga kwa kirefu, kana kwamba aliligundua yeye.

Ukimwendea na wewe, nenda, ni fundi mzuri. Lakini bomba kanunue mwenyewe na ulipime ukiwa bado dukani. Bolti chukua zilizogongwa 8.8 kichwani, siyo zile za mafungu. Na kopo la rangi liache nyumbani mpaka umalize kukagua mishono.